Tulishasalimiana

Jina lake tulilijua, ila hatukulitumia. Tulimwita Kituo, kwa sababu ndilo jina aliloitikia redioni, na haukupita muda mrefu hata akina mama wa sokoni Thika wakawa wanamwambia, "Kituo, leo sukuma wiki ni freshi, kuja uchukue." Aliitika bila kinyongo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye shungi jeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Sauti yake haikuwa kubwa wala tamu, lakini ukiisikia unajikuta umeacha unachokifanya. Alizungumza na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na akianza hamalizi. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa haongei naye isipokuwa kwa redio, na huyo alikuwa mumewe.

Nitafika huko. Kwanza niseme sisi tulikuwa nani.

Tulikuwa kikosi cha kujitolea cha uokoaji kati ya Thika na Ruiru, miaka ya tisini. Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya Kimbo, na ambulensi ya kikosi, gari kuukuu ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba, ililala uani kwetu. Kwa hiyo redioni nami niliitwa Kimbo. Kulikuwa na Zimamoto, mzee wa kanisa aliyesimamia gari la maji. Kulikuwa na Juja, wanafunzi wa chuo waliojifunza huduma ya kwanza na kutumalizia mandazi. Kulikuwa na Hospitali, sauti ya yeyote aliyekuwa zamu siku hiyo. Hapo awali wenye redio walikuwa nazo na wasio nazo walikaa hivyo hivyo, na hata waliokuwa nazo hawakusikilizana, maana kila redio ilikuwa na njia yake ya mawimbi. Ajali ikitokea, Zimamoto yuko upande huu wa barabara, sisi upande ule, na habari inabebwa na mtu anayekimbia. Mtu anayekimbia husahau nusu.

Halafu tukapewa redio kuukuu, zote za njia moja, tukawa tunasikika mahali pamoja. Hapo ndipo tulipogundua shida yetu kubwa, na haikuwa redio. Ilikuwa adabu.

Moto wa kwanza tuliouzima tukiwa na redio hizo ulikuwa wa mahali pa kupasulia mbao, Ruiru. Ndani ya ambulensi nilikuwa na fundi aliyeungua mikono yote miwili, ananiangalia, nami natafuta upenyo niulize Hospitali kama daktari yupo. Kila nikibonyeza nakuta njia imejaa watu wema. Zimamoto alikuwa amefika, na kwa kuwa alikuwa hajaonana na Juja tangu Jumapili, alimjulia hali. Juja, watoto waliolelewa vizuri, nao wakamjulia hali. Wakaulizana habari ya nyumbani, ya kazi, ya mvua. Ng'ombe wa Zimamoto alikuwa amezaa, basi na yeye akaulizwa hali. Wakati huo mbao zinaungua.

Mtu wa mbali atacheka. Lakini wewe jaribu kumwambia mzee wa umri wa baba yako "leta maji huku" bila hata habari ya asubuhi. Ulimi unakataa. Hatukuwa wajinga, tulikuwa tumelelewa, na malezi hayazimwi kwa kitufe.

Kituo wakati huo alikuwa mwendesha simu wa kiwanda kimoja Thika. Alikaa mbele ya swichibodi mchana kutwa, akichomeka na kuchomoa nyaya, na meneja wake alikuwa amekubali redio yetu ya makao iwekwe kando ya simu hizo. Siku ya moto wa mbao alisikia yote. Kesho yake akapiga marufuku salamu. Alitangaza kwamba hewani mtu aseme yuko wapi, aseme anataka nini, anyamaze. Ilikuwa amri nzuri, na ikatuletea janga. Zimamoto alikasirika, akazima redio yake, na kwa wiki nzima ikawa tukimtaka tunamfuata kwa miguu. "Huyo mama hana heshima," aliniambia, amekaa juu ya gari lake kama mfalme aliyepinduliwa. "Mtu ananiita kama anaita mbwa? Mimi?"

Wengine wangebishana naye. Kituo hakubishana. Alivaa shungi lake, akaenda mpaka kwa mzee, akaketi, akamjulia hali kuanzia yeye, mkewe, watoto, mpaka ndama. Zikaisha birika mbili za chai. Alipoondoka alikuwa ameshapata dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa hii. Kila asubuhi, kabla swichibodi haijachangamka, Kituo aliwasha redio na kuita kila mmoja wetu kwa zamu: "Zimamoto, umeamkaje?" Zimamoto anajibu, "Nimeamka salama, Kituo. Wewe je?" Kisha Hospitali, kisha Kimbo, kisha Juja. Kila mtu anasikia kila mtu akisalimiwa na akiitika. Mzunguko ukiisha, Kituo anasema, "Haya, tumesalimiana." Kuanzia hapo hadi kesho yake hakuna anayedaiwa salamu. Moto ukiwaka mchana na mtu akajisahau akaanza habari ya huko, atasikia sauti ile isiyo kubwa wala tamu ikimwambia, "Tulishasalimiana. Sema."

Na ilitosha! Zimamoto aliridhika kabisa. Alikuwa ameheshimiwa asubuhi mbele ya kikosi kizima, basi saa nane mchana ungeweza kumwambia "maji, haraka" na asione umemvunjia heshima. Ndipo nilipoelewa kwamba yule mama hakuwa adui wa salamu. Alizipenda kuliko sisi sote, ndiyo maana hakutaka zikanyagwe kanyagwe na ajali.

Asubuhi zile zilikuwa na faida nyingine ambayo hakuwa akiitangaza. Alikuwa akitusikiliza. Alijua betri ya nani imechoka, redio ya nani imeingia maji, na nani amelala vibaya. "Kimbo, sauti yako leo ina mafua. Ni wewe au ni mashine?" Siku nyingine ilikuwa mashine, siku nyingine nilikuwa nimelia usiku, na sikumbuki akikosea. Vijana wa Juja walimsumbua mwanzoni.

"Juja, umeamkaje?"

"Poa, Kituo! Niaje?"

"Poa si jibu. Umeamkaje?"

"Aki huyu mathe," kijana ananong'ona kitufe kikiwa bado kimebonyezwa. Kisha, kwa adabu zote, "Nimeamka salama, mama."

Watu walidhani ni mwanamke wa chuma. Hakuwa. Katika miaka yote ile hakuwahi kukanyaga penye ajali, na hakutaka kuonyeshwa picha. Tukimaliza kazi, watu wameshafikishwa hospitali na Zimamoto anakunja mipira yake, Kituo alienda msalani pale kiwandani, akalia, akanawa uso, akarudi kwenye simu zake. Alinieleza hivyo mwenyewe, kwa urahisi, kana kwamba ananieleza anavyopika wali. "Kulia kuna saa yake," alisema. "Ukilia hewani umechukua nafasi ya mwenye damu."

Aliijua nchi yetu kwa masikio. Angeweza kukuambia kwamba ukishuka mteremko wa kahawa baada ya Ruiru husikiki mpaka uvuke daraja, na kwamba machimbo ya mawe ya Juja yanameza sauti, ilhali kwa macho yake hakuwahi kuona kahawa hizo wala machimbo hayo. Nje ya redio alikuwa anapotea njia hata hapo hapo Thika. Siku moja nilimkuta kwenye kona karibu na posta, amesimama na kikapu, anauliza nyumbani kwake ni upande gani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka.

Kwa zamu alikuwa mkali kupita kiasi. "Redio ni mlango mmoja," alizoea kusema. "Mkisukumana wote mtabaki nje." Mwenye mtu mahututi alisema neno moja tu, "Nafasi," na sote tukanyamaza hata kama tulikuwa katikati ya sentensi. Wengine wote walingoja kuitwa. Hakupendelea. Diwani mmoja alikuja na gari lake siku ya ajali ya barabarani, akanyakua redio ya Juja na kutaka kuongea kwanza. Kituo alimwambia, "Karibu mheshimiwa, wewe ni wa nne." Alingoja, wa nne.

Sasa nifike kwa mumewe.

Yeye alikuwa mtu wa upande wa Gatundu, mrefu, mpole, aliyesilimu ili amwoe na ambaye miaka yote hiyo bado Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Waliwahi kununua ploti pamoja pale Kimbo, nyuma ya zahanati yetu. Kituo alikuwa akija Jumapili kuipalilia ingawa haikuwa na nyumba. Alikuwa ameshapanda miti ya ukingo. Alinionyesha jiko litakapokaa na dirisha litakapoangalia. Kisha mumewe akaiuza bila kumwambia na kununua pikap, akiamini kwamba pikap itazaa nyumba haraka kuliko miti. Kituo alipata habari kutoka kwa mnunuzi, siku alipokuja na jembe lake na kukuta fundi anapima msingi.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele labda yangeisha. Alimnyamazia. Nyumbani alipika, akaandaa, akafua, akapiga pasi, na kama pana neno la lazima lilipitia kwa watoto, na watoto walipokwenda bweni likapitia kwa jirani. Mume naye alikuwa na aibu, na aibu ya mwanamume ikikaa sana hugeuka kiburi. Akanyamaza vilevile.

Ndipo kikosi kikapata kile chombo. Kilikuwa sanduku la bati linalosikia sauti ndogo za bondeni na kuzirusha upya kwa nguvu, pamoja na mabomba ya maji yanayoingiana kuwa mlingoti, kamba za kuufunga, na betri ya lori. Penye shida, unapanda nacho mahali pa juu, unasimamisha, na kila mwenye redio ndogo huko chini anasikika mpaka Thika. Kabla ya hapo tulikuwa na redio zinazofanya kazi kila mahali isipokuwa pale ajali ilipo. Kilihitaji gari. Mume wa Kituo akaja kwenye mkutano wetu, akasimama nyuma, akasema, "Mimi niko na pikap. Iko tu."

Wengine walisema alitaka pikap ile ionekane na faida. Mimi nasema alitaka kusikia sauti ya mkewe. Redioni aliitwa Mlingoti, na sheria ilikuwa sheria: kila kitengo lazima kisalimiwe asubuhi. Kwa kuwa alikuja mwisho, aliitwa mwisho.

"Mlingoti, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Kituo. Na wewe?"

"Salama. Haya, tumesalimiana."

Hebu fikiria. Watu hawa walikuwa wameamka nyumba moja. Walikuwa wamepishana mlangoni, huyu na ndoo, huyu na mswaki, kimya kama wageni kwenye gesti. Kisha mama anatembea hadi kiwandani, anavua shungi la njiani na kuvaa la kazini, anawasha redio, na kumwuliza mumewe ameamkaje. Sote tulikuwa tunasikia. Vijana wa Juja waliifuatilia ndoa ile kama mechi. "Leo amesema asante!" mmoja aliniambia, macho yamemtoka. "Kimbo, hiyo ni progress. Mimi nawaambia hawa watu watarudiana kabla sisi tugradueti."

Hawakurudiana. Lakini kazi waliifanya pamoja vizuri ajabu. Kituo alimwelekeza pa kusimama, mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika, na mumewe akapanda bila kuuliza. Mlingoti ulisimama kabla sisi hatujafungua machela. Nilijiuliza mara nyingi inakuwaje watu waaminiane hivyo na wasiweze kuambiana chumvi imekwisha.

Ikaja mvua ya Elnino. Kila aliyekuwa mtu mzima wakati huo ana yake ya kusimulia. Yangu ni ya Murera, bondeni kwenye machimbo ya Juja.

Vibanda vya wafanyakazi wa machimbo vilizingirwa na maji. Juja walikwenda na redio ndogo na hawakusikika, kwa hiyo mchana ule Kituo akamtuma Mlingoti apande mwinuko ulio ng'ambo ya mto, asimamishe sanduku lake. Alisimamisha. Jioni ile Juja walisikika hadi Thika, maji yalipopungua kidogo watu wakatolewa, wakapelekwa shuleni upande wetu. Mlingoti akabaki ng'ambo na pikap, maana mto ulijaa tena mara vijana wa Juja walipokwisha kuvuka. Kabla ya mapambazuko bonde lote likanyamaza redioni, tukabaki sisi tu tuliokuwa juu, barabarani na shuleni, tunaofika Thika bila mlingoti. Kulipopambazuka kijana wa Juja alinikuta barabarani ambulensi imeegeshwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kalvati limekwenda, na kwamba pale pikap ilipokuwa imesimama jana sasa ni maji. "Kutoka hapa huoni kitu, Kimbo. Huoni hata hiyo bomba."

Nilimwambia Kituo. Nilisema tulipo, nikasema tulichokiona, nikanyamaza, kama alivyotufundisha. Alisema, "Nimepata." Saa ya salamu ilikuwa imefika.

"Zimamoto, umeamkaje?"

Akaenda kwa zamu, mmoja mmoja. Alipofika mwisho akasema, "Mlingoti, umeamkaje?" Akangoja. Hatukusikia kitu ila mkwaruzo wa hewa. Mimi nilifikiri atamwita tena. Mke gani asingemwita tena? Hakumwita. Kila mtu aliitwa mara moja kwa zamu yake, na zamu ya Mlingoti ilikuwa imepita. Akasema, "Mwenye haja?" Hospitali ilikuwa na haja ya blanketi, Zimamoto alikuwa na habari za daraja. Akayashughulikia yote. Kisha, badala ya kusema tumesalimiana, akarudi mwanzo.

"Zimamoto, umeamkaje?"

Kisha mzee akajibu, taratibu, kama ndiyo mara ya kwanza, "Nimeamka salama, Kituo. Wewe je?"

Akazunguka tena. Hospitali, Kimbo, Juja, Mlingoti. Akangoja. Mwenye haja? Akarudi kwa Zimamoto. Ilikuwa ndiyo njia pekee aliyojiruhusu ya kumwita mumewe bila kumpendelea: kutusalimia sote. Jua lilitoka, tukaamkiwa. Uji ukaletwa shuleni, watoto wakanywa, tukaamkiwa. Nilikuwa nafunga bandeji kwa mkono mmoja na kujibu kwa mwingine, nimeamka salama, Kituo, nimeamka salama, huku machozi yananitiririka na hewani sauti yangu nimeikaza isitoe mafua. Yake haikubadilika hata kidogo.

Kijana mmoja mgeni katika kikosi, ambaye hakujua lolote, akiwa ameshika redio ya Juja, alipoitwa kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, akasema, "Kituo, lakini si tulishasalimiana?"

Zimamoto akaingilia. Ilikuwa mara ya pekee kumsikia akiingia bila zamu. "Wewe kijana," alisema, "ukisalimiwa, itika."

Kijana akaitika.

Karibu na adhuhuri trekta la shamba jirani lilizunguka kwa juu, likamfikia Mlingoti na kumpa betri nyingine. Alikuwa ameipandisha pikap kwenye mwamba na kukesha juu ya pikap hiyo. Sisi tulisikia tu mkwaruzo ukikatika, na sauti nzito ya mtu wa Gatundu ikisema, "Kituo, Mlingoti."

"Mlingoti, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Kituo."

"Haya," akasema. "Tumesalimiana." Kisha akasema, "Kimbo, nishikie kiti," na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akaondoka kazi ikiwa haijaisha. Nilishika, nikawa mimi naita zamu kutoka shuleni. Hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Sasa wewe utadhani, kama tulivyodhani sote, kwamba jioni ile walikumbatiana. Mumewe alirudi nyumbani siku iliyofuata amejaa tope hadi masikioni. Alikuta maji ya moto ya kuoga, nguo safi, na chakula kimefunikwa. Neno hakukuta. Naye hakulitoa. Nilikasirika nao, nasema kweli. Nilimwambia Kituo wazi kwamba anamchezea Mungu. Akaniambia, "Mimi nimemwita mbele ya watu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Amenijibu alipopewa betri. Zamu iliyobaki ni yake." Sote tulijua betri ilikuwa imekufa, nami nilifikiri, kama yeye, kwamba sauti yake asubuhi ile yote ilikuwa imemwagika hewani bila mtu wa kuipokea.

Muda ukapita. Redio zilizeeka, zikaanza kukohoa zenyewe, na wale waliotupatia wakazichukua. Waliobaki kikosini wenye uwezo wakaanza kuulizana kuhusu simu za mkononi. Zimamoto akastaafu na ng'ombe wake. Juja waligradueti, kila mmoja akashika njia yake. Kiwandani swichibodi mpya ikaletwa isiyohitaji mtu, na Kituo akarudi nyumbani. Nilipopata habari hiyo nililala vibaya. Nilikuwa nawaza asubuhi zao. Lile neno moja walilokuwa nalo kwa siku, umeamkaje, nimeamka salama, lilikuwa limechukuliwa pamoja na mashine.

Nikaenda kuwaona. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, mwaka wa mwisho mwisho wa miaka ya tisini, na walikuwa wamekaa sebuleni wote wawili. Kituo alikuwa amenenepa kidogo na goti linamsumbua. Alinipokea kwa salamu ndefu kama zile za kwa Zimamoto, akaniuliza hadi habari za mlango wa ambulensi. Mumewe alinipa mkono, akatabasamu, akarudi kwenye kiti chake. Kati ya viti vyao palikuwa na meza ndogo tu.

Chai ikaja. Kituo akamimina vikombe vitatu, akasukuma kimoja, akaniambia, "Kimbo, mwambie chai yake hii."

Nikamgeukia mzee. "Chai yako hii."

"Mwambie asante," akasema mzee.

Nikamgeukia mama. "Anasema asante."

"Mwambie kuna mkate."

Niliendelea hivyo kwa muda, jamani. Miaka mingi redioni nilikuwa nikibeba maneno ya hawa wawili pale bonde lilipowakatalia kusikilizana, mikono yangu ilikuwa imezoea. Kisha nikawaangalia. Magoti yao yalikuwa karibu kugusana. Nikahisi hasira, halafu huruma, halafu vyote kwa pamoja.

"Mimi hiyo kazi niliacha," nikasema. "Redio zilirudishwa. Nyinyi mnasikilizana bila mimi." Nikakiweka kikombe mdomoni na kukiacha hapo.

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Nilifikiri nimeharibu, nikaanza kutafuta mkoba wangu kwa macho.

Mzee ndiye aliyeanza. Hakuniangalia mimi. "Ile siku ya maji," akasema, "huko Murera. Mimi nilikuwa naskia."

Kituo akainua uso. "Ulikuwa unasikia nini?"

"Kila kitu. Betri ilikuwa imeisha nguvu ya kuongea. Lakini kuskia haikuli betri sana. Kuskia ilikuwa inaskia." Akashika kikombe, hakunywa. "Nilikuwa juu ya pikap na hiyo sanduku kwa mapaja. Ulisalimia watu mpaka jua ikakuwa juu hapa. Yule mzee, Kimbo, hao watoto. Halafu mimi. Halafu unaanza tena. Nilijua ni mimi unatafuta."

Kituo alivua miwani, akaishika pamoja na uzi wake. "Ulinisikia," akasema, "na ukarudi nyumbani ukala chakula changu. Mwaka umekwisha, na mwingine. Mimi nimekaa hapa nikijua niliita mto."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungesema!"

"Eeh," mzee akakubali. "Ningesema."

Kuni nje zilikuwa zimeacha kupasuliwa. Kituo akauliza, polepole, kama anayeogopa kuchukua nafasi ya mwingine, "Na nilipokuwa nikikuita, ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nakujibu," akasema mumewe. "Kila mara. Nafinya, naongea, naachilia. Ni mashine tu ilikuwa inakataa kutoa."

"Ulikuwa ukisema nimeamka salama?"

"Hapana," akasema. "Hiyo nilisema ya kwanza. Baadaye nilikuwa naongea ile maneno ya ploti."

Niliinuka. Nilichukua mkoba wangu, nikapita nyuma ya kiti cha Kituo hadi mlangoni, na hakuna aliyeniaga. Nikavaa viatu nje, kwenye ngazi. Kupitia mlango uliobaki wazi nikamsikia, kwa sauti ile isiyo kubwa wala tamu, akimwambia, "Rudia."

Na yeye, kwa Kiswahili chake cha Gatundu, akaanza kurudia.